Motokari Tatu za Akteri

Juzi mwanangu wa mwisho alinisogezea simu usoni wakati nasonga bukari. "Mama, angalia! Motokari zote za akteri, balizipanga pamoja. Weye unapenda gani?" Nilitaka kumfukuza, maana bukari haingoji mtu, lakini jicho langu likaanguka kwenye ile ya tatu kutoka kushoto, fupi, chakavu, injini yake iko nje mgongoni, na mwiko ukanikwama mkononi. Aka! Mwanamke mzima mwenye mvi analia juu ya sufuria, na mtoto anauliza kama ni moshi. Nikasema ndiyo, ni moshi. Napikia makaa yaliyokwisha kuwaka vizuri, moshi hakuna, na yeye mwenyewe aliona. Ana adabu huyu mtoto, hakuuliza tena.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Kampemba mnajua siné ilikuwa nini kwetu. Yetu ilikuwa sebuleni kwa Mama Kapinga, mama wa Kikasai aliyeuza makayabu asubuhi na kuonyesha filme alasiri, chumba kilekile. Blanketi zilitundikwa madirishani, tukaketi chini tukibanana, na harufu ya samaki wa chumvi ilikuwa imeingia ukutani mpaka leo nikipita sokoni penye makayabu nasikia kama filme inataka kuanza. Maganda ya kaseti yalikuwa yamepotea zamani. Filme ilianzia popote mkanda uliposimama jana yake, na iliishia pale umeme ulipokatika. Hatukujua ipi ilitengenezwa mbele wala ipi nyuma. Tulikula tulichopewa.

Shujaa wa filme yoyote tulimwita akteri, na adui wake bandi. Lakini huyu mmoja, mwenye kinyago cha chuma na mji wake usiokauka mvua, tulimwita Akteri tu, kama vile ndilo jina alilobatizwa. Filme zake zilikuwa tatu, na katika kila moja alikuja na motokari nyingine. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Ya kwanza tuliyoiona ilikuwa pana, ya mraba, ina magurudumu sita, haina pua kabisa, kama zile mashine za mgodini. Ilipanda ukuta, ikabomoa daraja, haikusikia huruma. Wavulana waliipenda kufa. Ya pili ilikuwa ndefu, nyeusi, ina mapezi mawili nyuma, na paa lake lilisogea mbele kama kiberiti kinapofunguliwa. Ikipita, taa za barabarani zilitembea ubavuni mwake moja baada ya nyingine, na sisi sote tulinyamaza. Ya tatu ilikuwa fupi, bati limebonyea, inakohoa kabla ya kuwaka. Ukiiangalia unasema, hii hata garaji ya avenyu yetu ingeiweza.

Tshiba, mtoto wa Mama Kapinga, ndiye aliyekuwa hakimu, kwa sababu aliona kila filme mara alizotaka. Yeye alisimamia ya mraba. "Ile ndefu ni ya kuenda ku ndoa," alisema. "Ukiiingiza mu barabara ya Kampemba, ile pua inabaki mu shimo." Mimi nilisimamia ndefu, na sikukubali kushindwa, maana nilizaliwa na mdomo. Tulizitengeneza zote tatu kwa waya wa shaba, tukaziendesha kwa fimbo uwanjani, tukapimana kwa matope na mawe. Ndefu yangu ilivunjika pua kila siku. Niliinyoosha kila siku.

Tulibishania hata usukani. Katika ile ya mraba ulikuwa katikati, katika ndefu ulikuwa kushoto kama kwetu, katika ile fupi ulikuwa kuume. "Unaona?" Tshiba alisema. "Ile ilipitia Mokambo." Sote tukakubali mara moja. Motokari zote za usukani wa kuume mjini mwetu zilitoka Zambia kwa mpaka ule wa Mokambo, kwa nini ya Akteri ipite njia nyingine? Tukaona basi maisha yake yote: alianza na kazi ya mgodi akapewa mashine, akatajirika akanunua ndefu, kisha akaanguka, maskini, akaenda mpakani kutafuta ya mkono wa pili kama baba zetu.

Jambo moja tu lilitusumbua. Sura yake haikuwa ileile. Wa ndefu alikuwa na kidevu kipana, wa mraba alikuwa na midomo myembamba na sauti ya mafua, na wa fupi alikuwa kijana kabisa. "Ni bantu batatu," Tshiba alisema. Nikamwambia, "Hapana, ni muntu moja. Alipyaniwa."

Hilo nililijua kwetu. Sisi ni watu wa kaskazini, upande wa Kabongo, na kwetu mtu mzima akifa jina lake halizikwi. Ndugu mmoja hukalishwa mahali pake, hupewa jina lake, na tangu siku ile ni yeye. Ndiko kupyana. Nilikuwa na nkambo, yaani mama mzaa baba, aliyekuwa msichana wa kusuka nywele mitindo, kwa sababu alimpyana nkambo wa kweli. Papa mwenyewe, na tumbo lake lile, alimpigia magoti na kumwita mama. Sasa kama msichana wa mitindo anaweza kuwa mama wa Papa, kitu gani kinamzuia Akteri kubadilisha kidevu? Tshiba alisema kwao hawafanyi hivyo. Nikamwambia njo maana hamuelewe filme.

Ndefu niliipenda kwa sababu ilifanana na yetu. Papa, Kasongo jina lake, alikuwa na motokari nyeupe yenye pua ndefu, aliyoendea Mokambo kuchukua unga na mafuta ya kuuza. Ndani ilinuka unga, petroli na ndizi zilizosahauliwa. Papa alikaa kushoto penye usukani, mimi kuume dirishani, kwa kuwa nilikuwa konvoyeri wake, msaidizi wa dereva, ndivyo alivyoniita. Mama na mdogo wangu Banza walikaa nyuma. Papa alicheka kwa mwili mzima, na akicheka motokari nayo ilicheza.

Halafu akaugua. Aliugua muda mrefu, na siku moja nikakuta uwanja wetu mtupu, pamebaki doa la mafuta chini. Ilikuwa imeuzwa kwa ajili ya dawa. Nilimfuata hospitalini nikiwa nimevimba kwa hasira, nikamuuliza motokari iko wapi. Alinivuta karibu. Midomo yake ilikuwa imekauka, akanisemea sikioni, "Usilie, konvoyeri. Nitarudia na ingine." Basi sikulia. Hata alipokufa sikulia. Wakati wa matanga wanawake walikaa mikekani wakinitazama, wakasema, "Huyu mutoto iko na roho nguvu." Nguvu gani? Nilikuwa nangoja. Papa alisema atarudi, na Papa hakuwa mtu wa kudanganya watoto.

Na kweli alirudi. Ndivyo nilivyoona mimi. Siku ya kuondoa matanga wazee walifika kutoka Kabongo pamoja na mdogo wake Papa, Ilunga, mtu wa reli ambaye nilikuwa nimemwona mara moja tu nikiwa mdogo sana. Papa alikuwa wa mviringo. Huyu alikuwa mrefu, mkavu, mwenye haya, mikono yake haijui pa kukaa. Wakamkalisha mkekani. Wakampaka mpemba, ule udongo mweupe, wakampa maji anywe, wakamvika kofia ya Papa, ikamshukia mpaka masikioni. Mzee mmoja akasimama. "Kasongo hakuenda. Kasongo njo huyu. Batoto, muone papa yenu." Watu wakapita mmoja mmoja, wakachuchumaa, wakapiga makofi.

"Kasongo, uko?"

"Niko," alijibu, kila mara, kwa sauti ndogo.

Mwili wangu wote ulipata joto. Nikambana Banza nikamwambia, "Ni yeye. Alibadilisha sura." Banza, mtoto wa kuamini kila kitu, akaenda moja kwa moja akamkalia magotini. Padri alikuwa ametufundisha kwamba wafu watafufuka. Sikujua kama huwa ni haraka namna ile, lakini nilifurahi sana, na usiku ule nilikula bukari sahani mbili.

Mama hakubishana na wazee. Aliwaambia kwa heshima kwamba yeye ni mke wa ndoa ya kanisa, jina atalipokea, bwana hapana. Kwa hiyo Kasongo mpya akapewa kile chumba cha uani karibu na mlango wa ua, na hakuna aliyeona ubaya. Ila jina lenyewe halikumtoka Mama mdomoni. Kasongo hakumwita, Ilunga hakumwita. Kwake alikuwa "ule", yaani yule tu. Mimi aliniambia, "Odette, pelekea ule chakula yake." "Banza, uambie ule maji iko tayari." Nilimwonea Papa huruma. Kasafiri mbali vile, karudi, na mkewe hamtambui kwa sababu ya sura tu!

Kilichonitia wasiwasi ni kingine. Kila Akteri alipobadilisha sura, motokari mpya ilikuja naye. Papa aliniahidi nyingine. Na huyu alikuja na kinga, baiskeli ya zamani isiyo na breki. Tshiba alicheka mpaka akashika ukuta. "Akteri gani ya kinga?"

"Ngojea," nilimjibu. "Filme haiyaanza."

Nilimchunguza basi. Alikula polepole. Hakucheka. Hakuniita konvoyeri. Yote nilimsamehe, maana hata katika filme Akteri mwenye sura mpya huwa anasema kidogo kwanza. Alipata kazi kwa tolie, wale mafundi wa kunyoosha mabati ya magari, na baada ya kazi ya watu akabaki kutengeneza kitu chake. Nilimpitia nikitoka shuleni. Palikuwa na harufu ya mastiki, ile dawa nzito wanayozibia matundu, inayoingia puani ikakaa huko hadi kesho. Alikuwa anaunganisha motokari moja kutoka maiti za motokari nyingi: boneti ya hii, mlango wa kijani wa ile, taa moja ya mviringo na nyingine ya mraba.

"Papa, ile ya mbele ilikuwa na pua mrefu," nilimwambia.

"Ndiyo, mama." Kwetu mtoto wa kike unamwita mama, ni upendo.

"Na hii iko na pua fupi."

"Njo ile ilipatikana, mama."

Sikuridhika, nasema kweli. Ndefu ilikuwa moyoni mwangu. Lakini nilimwona akilala chini ya lile bati, mastiki kwenye nyusi, akisugua mlango kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu, na nikaanza kuipenda ile fupi kidogokidogo, kwa aibu, nisimwambie Tshiba.

Ilitoka Jumapili baada ya misa. Avenyu nzima iliwasikia watoto. Ilikohoa, ikakohoa tena, ikawaka, ikasimama mbele ya ua wetu ikitetemeka. Tshiba aliizunguka mikono nyuma kama mtu wa forodha. Akagusa mlango wa kijani. Akachungulia usukani. Tulimngoja wote.

"Ni ya tatu," akasema. "Ni ile yenyewe. Hata usukani iko kuume."

Mungu wangu, furaha ile! Nilitaka kuimba. Papa amerudi, motokari imekuja, na hakimu mwenyewe amekubali. Mama alikuwa mlangoni, mikono amefunga kifuani. Alikataa kupanda, akasema ana chakula jikoni. Banza akarukia nyuma. Nami nikakimbilia upande wangu, kuume, nikafungua mlango, nikamkuta yeye ameketi pale.

Bila shaka. Usukani ulikuwa kuume, dereva atakaa wapi kwingine? Nikazunguka, nikaingia kushoto. Tulipita sokoni, tukapita nyumba za mwisho, tukashika njia ya kwenda Annexe ambako mashamba ya mahindi yanaanza. Banza alikuwa amelala kabla hatujafika huko. Upepo uliingia na harufu ya mastiki ilitoka. Kila kitu kilikuwa kama nilivyokiomba, isipokuwa sikujisikia vizuri, na sikujua kwa nini.

Ilikuwa ni kile kiti. Nilikuwa nimekalia mahali pa Papa. Maisha yangu yote, nikigeuka upande ule ndani ya motokari, nilimkuta Papa pale, tumbo lake limegusa usukani. Sasa pale nilikuwa mimi, miguu haifiki chini, mbele yangu hakuna kitu cha kushika. Na nilipogeukia kiti changu, niliona mtu mwembamba anatokwa jasho, ameushika usukani kwa mikono miwili kama utakimbia. Kisha nikamuuliza, kwa sababu nilitaka iishe, nijue.

"Papa, ile siku ku hopitali, uliniambia nini mu sikio?"

Motokari ikapunguza mwendo. Akaipeleka kando, akaizima. Ilikohoa mara moja ikanyamaza.

"Sijue, mama," alisema.

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Sikukuwa pale. Nilikuwa ku Kabongo. Habari ilifika kisha bamemuzika. Nilifika hapa, kaburi imeshakauka."

"Sasa weye ni nani?"

Alivua kofia, akaiweka magotini. "Ilunga. Mudogo yake."

"Na Papa?"

Angeweza kunidanganya. Desturi ilimruhusu; wazee walikuwa wamemtia lile neno mdomoni mbele ya watu wote. Nami ningemwamini, ningemwamini miaka. Alinitazama, macho yake yalikuwa mekundu. "Papa yako alikufwa, Odette. Jina njo ilibakia."

Nililia. Nililia yale ya hospitali, ya mazishi, ya matanga yote, nililia mpaka nikapaliwa, na nikampiga, ndiyo, nilimpiga begani kwa ngumi, na hakuondoa bega. Nilipoishiwa pumzi nikasikia sauti nyingine. Alikuwa amelaza paji la uso kwenye usukani, na honi ikaanza kulia, na hakuisikia. Banza akaamka akauliza tumefika wapi.

"Toka nifike," alisema, bila kuinua kichwa, "hakuna muntu alinipa pole. Hata moja. Bote banasema, Kasongo uko? Mi najibu niko. Nitalilia yaya yangu, mukubwa yangu, wapi, mama? Nitamulilia wapi, na banasema ni mimi?"

Sikuwa nimewaza hilo. Nani angeliwaza? Mtu aliyekalishwa mahali pa marehemu, nani atamwendea kumpa pole ya marehemu? Sisi wote tulikuwa na matanga, tumekumbatiwa, tumepikiwa, tumeliliwa begani. Yeye alikuwa amepewa kofia. Nikashuka, nikazunguka upande wake. Nilikuwa nimewaona wakubwa wanavyofanya. Nikashika kiwiko changu cha kuume kwa mkono wa kushoto, nikampa mkono kupitia dirishani.

"Pole na matanga, Papa Mudogo," nikasema.

Aliushika kwa mikono yake yote miwili. "Asante, mama. Pole na weye." Banza naye akanyoosha mkono kutoka nyuma, haelewi kitu, akasema pole, na akapewa pole yake.

Motokari ilikataa kuwaka. Tuliisukuma mimi na Banza kwenye mteremko, tukaingia tena tumejaa vumbi, tukarudi nyumbani. Mama alikuwa palepale mlangoni, sijui kama aliondoka. Alitutazama usoni, mmoja, wa pili, wa tatu.

"Mulikuwa wapi?"

"Ku matanga," nikasema.

"Matanga ya nani?"

"Ya Papa."

Mama alimtazama yule mtu aliyesimama karibu na mlango wa kijani, kofia ya mumewe mikononi, anaikunja na kuikunjua, hathubutu kuivaa wala kuiweka chini. Akaingia ndani. Nilidhani amekasirika. Lakini alitoka na mkeka, ule mkubwa wa matanga, akautandika chini pale uani, akakaa, akanyoosha miguu, akafungua kitambaa cha kichwa. Kisha akagusa mkeka kando yake kwa kiganja.

"Ikala, Ilunga," alisema. "Tumulilie."